Bustani ya Mungu iliyogeuzwa zizi, kisha ikarudishiwa mbayuwayu

Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba inaupanda mlima kwa kona 57, na wenyeji wameiita hivyo hivyo: Hamsini na Saba. Ukizimaliza unatokea kwenye uwanda wa nyasi, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi inauma masikio, na mti wa kuegemea huuoni. Hapo ndipo Kitulo, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.

Jina hilo limekaa katika nchi iliyozoea kuheshimu ardhi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi makuhani wa Ukinga walivyovuka milima hii mpaka Lubaga, kwenye kichaka kitakatifu cha Lwembe, mfalme-kuhani wa huko, kutambika pamoja na wenzao wa Unyakyusa. Kichaka cha namna hiyo hakikuingiwa ovyo, wala hakikuchanjwa kuni. Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, wamisionari wa Berlin nao wakaingia Ukinga miaka michache baadaye. Makanisa yakajaa. Miiko ya zamani ikabaki kwa wazee.

Wazungu nao walikuwa na jina lao. Frederic Elton, konsuli wa Uingereza, alipita katika milima hii mwaka 1877 akitokea Ziwa Nyasa, akafia Ugogo mwezi Desemba mwaka huohuo. Ramani zikauita uwanda huu Elton. Sijawahi kumsikia Mkinga akiutaja hivyo.

Miaka ya 1960 serikali iliyatazama majani yale yote ikaona malisho. Likaanzishwa shamba la kondoo wa sufu, baadaye wakaja ng'ombe wa maziwa, na shamba la mifugo la Kitulo lipo mpaka leo. Pembeni mwa zizi, viazi na pareto vikapanda vilima. Kisha ikaingia biashara ambayo wengi hawakuiona kuwa na madhara: uchimbaji wa viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka mpaka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Ua lililong'olewa na kiazi chake halichipui tena.

Aliyekuwa akipoteza kimyakimya ni mbayuwayu wa buluu. Ndege huyu ana rangi ya buluu iliyokolea yenye kung'aa, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Hajengi chini ya paa la nyumba kama mbayuwayu tuliowazoea. Anatafuta shimo ardhini, mara nyingi lililochimbwa na mhanga, akaingia ndani na kubandika ukutani kikombe cha tope na nyasi. Anataga majira ya mvua, halafu anaondoka kwenda kwenye nyasi za Bonde la Ziwa Victoria, Uganda na Kenya. Jembe likipita juu ya shimo lile, kizazi kimekwisha. Ndege wenzake wa uwandani ni tandawala na chekechea wa milimani, nao wanataka nyasi zisizolimwa.

Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba Kitulo itakuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 ikawa hivyo kisheria, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 400. Wakati huo eneo lake liligawanyika kati ya mikoa ya Mbeya na Iringa. Upande wa Makete ulihamia mkoa mpya wa Njombe mwaka 2012. Ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea: aina 350 hivi, zikiwemo okidi 45 za ardhini. Ndege walinufaika na sheria iliyotungwa kwa ajili ya maua.

Hapa ndipo sisi wa Nyanda za Juu tunapokosea. Tumefundishwa kwamba kuhifadhi ni kupanda miti, na mtu wa Iringa aliyeliona shamba la miti la Sao Hill anajua pia kwamba mti ni fedha. Lakini kwa mbayuwayu huyu, msindano, mlingoti na mwati ni maangamizi sawa na trekta. Anataka uwazi. Kuirudisha Kitulo hakukuhitaji miche. Kulihitaji mifugo na majembe kuondoka.

Hifadhi ina mpaka, ndege hana. Wewe mwenye shamba Makete au Rungwe, miche yako ipeleke kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, uiache mbuga ya nyasi ibaki mbuga. Bonde lenye maji usilimalize lote kwa vinyungu, bustani zetu za bondeni. Na shimo la mhanga ukilikuta, usilifukie.