Mwili Nao Hukumbuka

Huenda jambo baya lilikupata zamani, lakini hadi leo mlango ukibamizwa moyo unaenda mbio na mabega yanakaza. Hujarogwa, wala wewe si mwoga.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika juu ya askari waliopoteza kumbukumbu baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Wengi wa namna hiyo waliitwa waoga. Ilipofika 1980 ndipo madaktari wa Marekani walipoutambua rasmi ugonjwa huu wa kiwewe.

Mwaka 2014, huko huko Marekani, Dkt. Bessel van der Kolk na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 64 ambao matibabu hayakuwa yamewaponya. Kwa wiki 10 wengine walifanya yoga, yaani kunyoosha viungo polepole na kufuata pumzi. Wengine walipewa masomo ya afya. Mwishowe, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Katika kundi la pili, 6 kati ya 29.

Siri ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Kila mmoja alijiamulia kuinua mkono au kuuacha. Aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, hapa anarudishiwa.

Basi mama, watoto wakilala, keti, sikia nyayo zako sakafuni, vuta pumzi. Hofu ikizidi, acha. Dawa usiache, na usione haya kumweleza muuguzi wa zahanati yako.