Mtoro, Aliyekosa na Aliyekatiza: Maneno ya Shule katika Pwani ya Mtwara

Neno mtoro lilikuwa likitumika katika Pwani yetu kabla ya kuwapo shule ya serikali hata moja. Maana yake ya zamani ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro wa namna hiyo walijenga vijiji vyao wenyewe katika sehemu mbalimbali nyuma ya miji ya Pwani. Leo neno hilo lasikika zaidi kinywani mwa mwalimu: mtoro ni mtoto asiyeonekana darasani. (Jina la mtu ni jambo jingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903, hakumkimbia mtu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin.) Katika makala haya nakusudia kuueleza mwendo wa neno hili kwa mfano wa nchi iliyo kati ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, kwa kuwa naona kwamba limetupotosha katika kuihukumu elimu ya watu wa huko.

Kabla ya shule palikuwa na chuo. Wageni waliliona darasa la Kurani na kudhani kwamba ni shule iliyopungukiwa, lakini utaratibu wake ulikuwa mwingine kabisa. Katika chuo kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu, na mwenzake wa umri mmoja aweza kuwa mbele au nyuma yake. Aliyeondoka kumfuata baba baharini akarudi baada ya miezi miwili, alianza pale alipoachia. Hapakuwa na mwaka wa kupotea, wala hapakuwa na darasa la kukariri, maana madarasa ya umri hayakuwapo. Kwa hiyo kuondoka kwake hakukuhitaji jina. Ni ajabu kidogo kwamba siku hizi neno chuo limepandishwa cheo, hata mtu wa Mtwara akitaja chuo, wengi hufikiri habari za ualimu au chuo kikuu.

Shule ililetwa na Wadachi, na neno lenyewe lashuhudia, kwa maana latokana na Schule la Kijerumani. Unguja, ambako Wadachi hawakutawala, husema skuli. Serikali yao ilifungua shule ya kwanza Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, kisha katika miji mingine ya Pwani, Lindi ukiwa mmojawapo. Shule hizo zilifundisha kwa Kiswahili bila kufundisha dini, nazo zilikusudiwa kutoa makarani, walimu na maakida. Huko bara mambo yalikuwa mbali na hayo. Misheni ya UMCA ilikuwa imekwisha kufika Masasi mwaka 1876, ikiongozwa na Askofu Edward Steere, pamoja na watu waliokombolewa utumwani; na baadaye Wabenedikto wakajenga Ndanda. Basi mzazi Mwislamu wa Mikindani au Msimbati alikuwa na chuo mlangoni, shule ya serikali mbali, na shule ya misheni ambayo aliogopa kwamba mtoto angerudi kutoka huko na jina jingine. Aliyemzuia mwanawe asiende misheni alichagua, wala hakuikataa elimu. Barua nyingi za zamani za Waswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zatosha kuthibitisha kwamba watu hawa waliipenda kalamu.

Waingereza walizidisha tofauti hiyo bila ya kuitangaza. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927 misheni zilipewa ruzuku kwa shule zilizofikia kiwango, na katika Jimbo la Kusini fedha hizo zilifuata njia ya Masasi, Newala na Ndanda, kwa sababu shule za kufikia kiwango zilikuwa huko. Pwani ikabaki nyuma, kisha ikaambiwa kwamba watu wake hawapendi shule.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Sheria ya 1969 ilizitia shule za misheni zilizopokea msaada mikononi mwa serikali, na hofu ya kubatizwa ikaondolewa. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa watoto wote, nayo ikatekelezwa kuanzia 1977. Na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kumhudhurisha. Hapana shaka kwamba hili lilikuwa jambo kubwa la haki. Lakini ndipo pia mtoro alipopata maana yake kamili ya leo, maana sasa kutoonekana kulikuwa kosa mbele ya hakimu.

Nini kilichomwondoa mtoto darasani? Katika kata za mlango wa Ruvuma kalenda ni tatu au zaidi. Maji ya bamvua hurudi kila nusu ya mwezi, na miamba ikikauka wanawake na watoto hutoka kutafuta pweza na kome. Korosho huanguka kuanzia karibu na Septemba hata mwisho wa mwaka, yaani wakati ule ule wa mitihani ya taifa. Tena kuna jando na unyago. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi tangu 1926 hata 1944, alipatana na jando kwa kulitia Ukristo; serikali zilizofuata zimetaka zaidi lisogezwe likizoni. Mtoto aliyekosa majuma sita kwa sababu yoyote katika hizi hakupoteza majuma sita tu. Darasa lilikwisha kumpita, naye akawa mkubwa kuliko wenziwe, akaona haya, asirudi.

Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za kwanza za mpango wa MEMKWA, uliosaidiwa na UNICEF, kwa watoto wa umri wa 11 hadi 13 na wa 14 hadi 18. Sare haikulazimishwa, saa za masomo zilipangwa kwa mashauri ya wanakijiji, na waliofaulu waliweza kuingia shule ya kawaida. Mtu aliyekijua chuo cha zamani angeutambua utaratibu huo upesi. Jina lake ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, na hapa wanaisimu watatabasamu: aliyekosa ni yule asiyepata, naye pia ni yule aliyetenda kosa. Sijui kama waliolichagua walikusudia maana zote mbili, lakini lugha haikuwauliza.

Ada ya sekondari ya chini iliondolewa tangu Januari 2016. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu kurejea kwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata mimba, ambao kabla ya hapo walifukuzwa. Kukatiza ni neno la tatu, na kwa maoni yangu ndilo la haki kuliko mengine, kwa kuwa masomo yaliyokatizwa yaweza kuunganishwa tena. Hata hivyo katika taarifa za shule na za halmashauri safu ya wasiohudhuria yaendelea kuitwa utoro.