Sura ya mhalifu huchorwaje kutoka kinywani mwa shahidi?

KATI ya mwaka 2015 na 2017, zaidi ya watu 30, wakiwamo viongozi wa vijiji na askari polisi, waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani Pwani. Katika tukio moja la Aprili 13, 2017, askari wanane waliuawa wilayani Kibiti. Mwaka huo polisi walitangaza majina ya watuhumiwa na zawadi ya fedha kwa atakayefanikisha kukamatwa kwao.

Jina hutangazwa pale mtuhumiwa anapojulikana. Asipojulikana, hubaki kumbukumbu ya aliyemwona, nayo ndiyo hugeuzwa kuwa mchoro wa sura.

Kuhoji kwanza

Moja ya njia zinazotegemewa za kumhoji shahidi iliasisiwa Marekani miaka ya 1980 na wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman. Shahidi hutulizwa, kisha huombwa arudi kimawazo mahali pa tukio: alisimama wapi, mwanga ulitoka wapi, alisikia nini. Baada ya hapo hueleza yote kwa maneno yake bila kukatizwa.

Maswali hufuata, yakijengwa juu ya yale aliyokwisha kuyasema. Kumuuliza, "Je, alikuwa na ndevu?" ni kosa, kwani swali hilo laweza kupandikiza ndevu zisizokuwapo. Mashahidi wakiwa wengi, kila mmoja huhojiwa peke yake.

Kuchora baadaye

Identikit ya Marekani, iliyoanza mwaka 1959, na Photofit ya Uingereza ya mwaka 1970, ziliunganisha macho, pua na midomo kipande kwa kipande. Udhaifu wake ni kwamba binadamu huitambua sura kwa ujumla wake. Ndiyo maana mifumo mipya, kama EvoFIT ya mtafiti Charlie Frowd wa Uingereza, humwonyesha shahidi sura nzima. Huchagua zinazokaribiana na aliyoiona, na kompyuta huzichanganya hadi mfanano upatikane.

Adui mkubwa ni muda. Katika majaribio ya Uingereza, michoro ya vipande iliyotengenezwa siku mbili baada ya sura kuonekana ilitambuliwa kwa chini ya mara 5 katika kila 100. Kwa shahidi wa Maparoni, kata ya visiwani katika delta ya Rufiji, ambako safari ya kwenda bara ni ya boti na hutegemea kujaa na kupwa kwa maji, siku mbili si nyingi.

Mahakama na utambuzi

Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine. Ni lazima kupima umbali, mwanga, muda wa kumtazama mtu, na iwapo shahidi alimfahamu kabla.

Mchoro, basi, huonyesha tu pa kuanzia uchunguzi. Ukichukuliwa kuwa hukumu, asiye na hatia huingia mahabusu, na muuaji hubaki kijijini.