Mfinyanzi Hulia Gaeni

Juma lililopita nilikuwa gengeni nikinunua nyanya. Muuzaji, mtu wa makamo, akakosea kurudisha chenji. Mzee mmoja akamkejeli: "Wewe bila shaka ulifundishwa na mwalimu wa UPE!" Watu wakacheka. Mimi pia, kwa aibu yangu, nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kile kikanisuta, kwa maana aliyenifundisha kusoma alikuwa mwalimu wa UPE.

Nilizaliwa Ikombe, kijiji cha Wakisi wilayani Kyela, kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Mlima umeshuka karibu hadi majini na mashamba ni haba. Kilichotulisha tangu enzi za mababu ni udongo. Mama zetu hufinyanga vyungu, huvichoma, kisha huvipakia katika mitumbwi kwenda kuviuza katika gulio la Lyulilo, jirani na Matema. Zamani vilibadilishwa na chakula. Kwetu sisi, mfinyanzi hulia gaeni haikuwa methali tu. Chungu kizima kilikuwa cha kuuza, na watoto tulipakuliwa katika kilichopasuka.

Kusoma na kuandika kulifika mwambao ule mapema. Wamisionari wa Berlin waliingia pande zile mwaka 1891, na Ikombe ikawa mojawapo ya vituo vyao. Lakini kwa miaka mingi iliyofuata, shule nchini ilibaki kuwa ya wachache. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, TANU ikaazimia mjini Musoma kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani.

Swali likawa: walimu watatoka wapi? Vyuo havikutosha. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakakosa nafasi ya sekondari, ambayo wakati huo ilikuwa ya wachache mno. Wakawa wanafundisha huku wakifundishwa, palepale vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio walimu wa UPE. Watu wa mjini wakasema herufi hizo maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu.

Nilipoanza shule mwaka 1978, mwalimu wetu alikuwa mmoja wao. Naye alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Jana yake tulikuwa tukimwita kaka, siku ile tukasimama na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Hatukuwa na vitabu vya kutosha, na chaki zilikuwa za kuhesabu. Yeye akaenda kwa akina mama, akakusanya vigae vya vyungu vilivyopasuka motoni, akampa kila mtoto vyake kumi. Kwa vigae hivyo tulijifunza kujumlisha na kutoa.

Siku moja mwenzetu alimwuliza hesabu iliyomshinda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii siijui. Nitaitafuta." Siku ya tatu akaja nayo, akatueleza mpaka wa mwisho akaelewa. Nimekaa mbele ya wasomi wengi tangu hapo. Wachache nimewasikia wakitamka maneno yale.

Sikatai kwamba UPE ilikuwa na kasoro. Madarasa yalifurika, na wapo waliomaliza darasa la saba wakisoma kwa kubabaisha. Lakini tupime kwa haki. Mwaka 1967, kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1986, hesabu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki hivyo ni kama mmoja katika kila kumi. Hata tukizipunguza hesabu hizo kwa shaka, kazi ile ilifanywa na watu, na wengi wao hawakuwa wamevaa joho.

Waliokuwa katika njia ya kuvaa joho tunawakumbuka kwa jambo jingine. Mei 1964, Mwalimu Nyerere aliwaambia Wabunge kuwa msomi ni sawa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa mishahara. Karibu 400 walirudishwa makwao, naye Rais akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20.

Sasa nauliza: ni nani aliyerudi na chakula? Mwalimu wetu alipewa na kijiji kidogo sana, miaka saba tu ya shule. Akakirudisha chote, tena akaongeza.

Mwaka 2016 watoto wetu walianza kusoma bila ada hadi kidato cha nne. Ni jambo jema. Lakini lisilolipiwa na mzazi limelipiwa na mtu fulani, na huenda mtu huyo leo anakula gaeni. Tuwafundishe watoto kulijua deni hilo kabla hawajajua kucheka.

Yule muuzaji wa nyanya nilirudi kumwona. Nilimwambia kwamba mimi pia nilifundishwa na mwalimu wa UPE. Akatabasamu, akanihesabia chenji yangu. Ilikuwa sawasawa.