Chombo Chepesi Sio Lazima Kiwe Kikali

Wasee, kuna imani imetuingia: kitu chepesi ndio cha kisasa, kizito ni cha kishamba. Kwa simu, sawa. Kwa chombo cha bahari, ngoja kwanza. Historia ya Pwani yetu inasema ingine.

Anza na mtumbwi. Gogo moja, mara nyingi la mwembe, linachongwa mpaka kuta zibaki nyembamba. Unakuwa mwepesi, unasukumwa majini bila noma. Lakini ni mwembamba pia, so ukisimama vibaya, umepinduka. Ukiweka tanga juu yake ndio balaa kabisa. Jibu la wazee likawa ngalawa: mwili ule ule, ila na mirengu miwili, mmoja kila upande. (Ndio, neno lile lile la wanasiasa.) Hawakuongeza uzito chini, waliongeza upana. Chombo kikatulia na mbio zikabaki.

Mashua ya Lamu ilifuata njia tofauti. Ina mkuku, mataruma na mbao nzito, na bado ikiwa tupu inaelea juu sana, upepo unailaza. Hapo ndipo farumi inaingia: magunia ya mchanga tumboni. Kwa mashindano, mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje, upande upepo unakotoka, miili yao iwe mizani. Mchanga ukizidi, chombo kinazama zaidi, kinasukuma maji mengi, kinachelewa. Ukipungua, kinalala. Hiyo ni fizikia, mazee, na wengi wao hawakuifunza darasani.

Hata Flipflopi, jahazi la takataka za plastiki lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, lilipitia hesabu hiyo. Plastiki haina ugumu wa mbao, kwa hivyo unene na uzito ulibidi ufikiriwe upya. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Maoni yangu ni haya: maarifa haya yako kwa vichwa na mikono ya mafundi, sio kwa michoro. Boti za faiba zinaongezeka, na fundi akienda bila mwanafunzi, ameenda na kitabu kizima. Tuyaweke kwa somo la fizikia, Turkana hadi Kwale.

Na siku nahodha akikwambia usogee ukae upande ule, usinune. Wewe ndio farumi.