Makangale: Nani Mwenyeji wa Kaskazini ya Pemba?

Makangale iko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, ndani ya Wilaya ya Micheweni. Ukitoka Konde unaingia msitu wa Ngezi, unatokea upande wa pili, na mbele yako hubaki vijiji, mashamba, fukwe za Vumawimbi na Verani, na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kwa kuwa iko mbali na Wete na Chake Chake, watu wengi huidhania kuwa ndiko waliko Wapemba wasiochanganyika, waliokaa hapo tangu dunia iumbwe. Dhana hiyo haisimami mbele ya ushahidi. Hakuna karne ambayo tuna ushahidi kwamba watu wa ncha hii walikuwa wa asili moja, na kilichowafanya wawe wenyeji hakikuwa damu. Kilikuwa kazi, ardhi na ndoa. Nalisema hili kwa sababu dhana ya asili safi imewaumiza watu visiwani humu, na ingali inawaumiza.

Tuanze na pango la Makangale lenyewe. Wanaakiolojia wamechimba humo na kukuta mabaki ya watu, na mwaka 2017 jopo la wanasayansi likiongozwa na Pontus Skoglund na David Reich lilichapisha matokeo ya vinasaba vya watu wawili waliozikwa hapo. Mmoja aliishi karibu miaka 1,400 iliyopita. Vinasaba vyake ni vya wawindaji na wakusanyaji wa kale wa Afrika Mashariki, watu ambao jamaa zao wa karibu zaidi leo tungewatafuta miongoni mwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Wa pili aliishi karibu miaka 600 iliyopita, na huyo asili yake ni ya wakulima wasemao lugha za Kibantu. Pango ni moja na kisiwa ni kimoja, lakini asili ni mbili zilizo mbali kabisa. Msomaji makini atasema mifupa ya watu wawili haitoshi kueleza kijiji kizima, na atakuwa amesema kweli. Haituelezi wangapi walikuwa nani, wala kama waliooana ni wengi au wachache. Inatosha, hata hivyo, kwa jambo moja: anayetaka kumtaja mwenyeji wa kwanza wa Makangale itambidi amtaje mtu ambaye hakuna ukoo wa leo unaosema ni babu yake.

Kati ya zama za watu hao wawili ulisimama mji wa Tumbe, si mbali upande wa mashariki, uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, na jirani yake Chwaka, ulioshika nafasi yake tangu karne ya 11. Wachimbaji wa miji hiyo walikuta kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, na wa Chwaka wakahamia kwenye mpunga, zao lililovuka Bahari ya Hindi. Kisiwa kilichokwisha kubadilisha chakula chake cha kila siku kwa sababu ya bahari hakikuwa kimejifungia. Hapa huja hoja ya Ushirazi. Wapo waliosema kwamba madai ya Wapemba kuwa na mababu wa Uajemi ni hadithi tu iliyotungwa ili kujitenga na Waafrika wenzao. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023, uliopima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, umewapinga: mababu wa Kiajemi walikuwapo kweli, na walianza kuchanganyika na watu wa pwani karibu mwaka 1000. Utafiti huohuo umewapinga pia wanaojivunia Uajemi peke yake. Zaidi ya nusu ya asili ya wengi wa watu hao ni ya Kiafrika, na sehemu hiyo imetoka zaidi kwa akina mama. Kwa hiyo asiyetaka Ushirazi na asiyetaka Uafrika wote wawili wanakana nusu ya ukoo.

Karne ya 19 ilileta mchanganyiko mpya, na huo ulikuwa na dhuluma ndani yake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Mashamba yalihitaji mikono. Watumwa waliletwa kutoka nchi za ndani, hadi kusini huko Nyasa, wakapandishwa mikarafuu ya mabwana wa Kiarabu na ya Wapemba wenyewe pia, jambo ambalo halisemwi sana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, kazi haikupungua. Kila msimu wachumaji walimiminika, wengine kutoka Unguja, wengine kutoka bara. Mchumaji hulipwa kwa pishi: anapanda mtini, anavunja vishada, jioni anakaa na watoto kuchambua makonyo, ndipo karafuu ipimwe na kuanikwa. Aliyekuja kwa msimu mmoja akakosa nauli, au akapata mke, alibaki. Kwa Pemba, tofauti ya shamba la Mwarabu na shamba la Mpemba haikuwa kubwa kama ya Unguja, na watoto wa ndoa hizo walikua wakisema Kipemba.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwapanga watu hawa katika visanduku, na takwimu zake zenyewe zinauumbua mpango huo. Katika sensa ya mwaka 1924, watu karibu 34,000 wa Unguja na Pemba waliandikwa kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000. Hawakufa na hawakuhama. Walijiandikisha kwa majina mengine: Mshirazi, Mpemba, Mtumbatu, Mhadimu. Aliyezaliwa na mtumwa aliyeachiwa huru alikuwa na kila sababu ya kuchagua jina lisilomkumbusha mtu utumwa wa mzazi wake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na mgao wa chakula ukatolewa kwa kufuata kabila, jina lililoandikwa kwenye daftari likawa na uzito hata jikoni, na Chama cha Washirazi kilizaliwa Pemba karibu na wakati huo. Siwalaumu waliobadili majina. Lawama ni ya daftari lililopanga haki kwa rangi, kisha likawalaumu watu kwa kuchagua rangi.

Kuna pingamizi zito zaidi. Yapo maoni kwamba mambo haya yaachwe yalale, kwa kuwa kuyachokoa kunarudisha chuki za zama za siasa za kabla ya uhuru na za Mapinduzi ya 1964. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, na sensa ya 2022, iliyohesabu watu 272,091 katika Mkoa wa Kaskazini Pemba, haikumtenga Mshirazi na mtu wa asili ya bara. Uamuzi huo ni mwema na nauunga mkono. Lakini kutouliza kabila katika sensa hakujazuia kabila kuulizwa mlangoni. Mtu anayetaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huanzia kwa sheha, na ambaye babu yake alitoka Msumbiji au Burundi kuja kuchuma karafuu ameweza kuzaliwa, kuoa na kuzika wazazi visiwani humu bila kuwa raia wa nchi yoyote. Ukimya haukumsaidia. Kilichomsaidia ni hatua ya serikali, ambayo katika miaka ya karibuni imewapa uraia watu zaidi ya 3,000 wa Zanzibar wenye asili ya Msumbiji, Burundi na Komoro.

Wapemba wana sababu ya pekee ya kulielewa hili, maana wao pia wamekuwa upande wa pili wa kaunta. Wavuvi wao wamekuwa wakifuata samaki na misimu ya kaskazi na kusi hadi pwani ya Kenya, wakipiga dago wiki kadhaa, na baadhi ya madago hayo yakawa makazi ya kudumu Kwale na Kilifi. Vizazi vilivyozaliwa huko vilikaa bila vitambulisho hadi Julai 2023, Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa jamii miongoni mwa jamii zake. Wamakonde wa Kwale walikuwa wametangulia: walitembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyohiyo. Hoja waliyoitoa Wapemba wa Kenya ilikuwa kwamba wamezaliwa hapo, wanavua hapo, wamezika hapo.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Masheha wa Micheweni, wanapoandika barua ya ukaazi, waulize mtu amekaa wapi na kwa muda gani, na asili ya babu yake waiache. Na vijana wa Makangale wenye simu za kurekodi wakae na wazee wao sasa, wawaulize nani alikuja kwa msimu gani, akapewa shamba na nani, akaoa kwa nani, kisha nakala wazipeleke Nyaraka za Zanzibar. Daftari za wakoloni zimehifadhiwa vizuri, na maelezo ya watu walioandikwa ndani yake yanapotea kila mwaka.