Sarafu Isiyo na Tundu

Mimi hukusanya vyombo vya kale vya sarafu za fedha. Sarafu ninazo, rupia nne. Chombo sina hata kimoja.

Hapa Buganda pesa za zamani hazikuhitaji chombo. Simbi zilitobolewa na kutungwa kwenye kamba, mia mia. Kamba ndiyo iliyokuwa mkoba. Waswahili wa misafara walikuja na fedha isiyo na tundu: kwanza riale ya Maria Theresa, iliyoandikwa 1780 hata ilipotengenezwa miaka mingi baadaye, kisha rupia ya Bara Hindi, gramu 11.66, karibu yote fedha tupu. Hiyo ikidondoka imepotea. Ndiyo maana Kiswahili kina hamiyani, kibindo na kibweta. (Mwanafunzi wangu mmoja alifasiri hamiyani kuwa mshipi. Hakukosea sana: ni mshipi wenye mfuko wa fedha.)

Mwaka 1901 serikali ya kikoloni iliacha kupokea simbi kwa kodi. Lakini senti za 1907 zilitobolewa katikati, zikaweza kutungwa kama simbi! Rupia iliondolewa 1920, ikaja florini, kisha shilingi ya 1921, yenye robo tu ya fedha.

Kiganda bado huita pesa ensimbi, na effeeza ni madini. Kiswahili huita yote mawili fedha.

Kibweta huenda nitakipata siku moja, na hamiyani labda. Kibindo sitakipata. Ni pindo la nguo kiunoni, likifunguliwa, halipo.